Maji ya Nanyuki, theluji ya Krapf na kilo za Cucu

Ukurasa huu umezoea mambo ya programu, simu na kompyuta, lakini leo naomba niwatoe hapo kidogo niwapeleke Nanyuki, mahali barabara inapokatiza ikweta. Kuna swali ambalo nimetembea nalo tangu nikiwa mtoto: nikikiona kitu kwa macho yangu mwenyewe, je, hiyo inatosha kusema ni kweli? Msiharakishe kujibu. Mimi nilidhani nalijua jibu, mpaka siku nilipowapotezea watu pesa zao. Nitafika huko, nivumilieni.

Nilizaliwa na kukulia Nyeri. Nikiwa darasa la sita, shule yetu ilifanya safari ya masomo kwenda Nanyuki, mwendo wa kilomita kama 60 hivi kupitia Kiganjo na Naro Moru. Baba alizitoa pesa za safari kwa shida, na nilijua hivyo, kwa hiyo niliapa kwamba nitaangalia kila kitu nisipitwe na hata kimoja. Pale kwenye ikweta pana bango kubwa linalokuambia uko futi 6,389 juu ya usawa wa bahari, na kando yake vibanda vya vinyago na shuka. Akaja mzee mmoja mchangamfu akiwa na jagi la maji, bakuli lililotobolewa tundu dogo kwenye kitako, na njiti za kiberiti.

Alitupeleka hatua kama ishirini upande wa kaskazini. Akaziba tundu kwa kidole, akamimina maji, akadondosha njiti, akaachia kidole. Njiti ikaanza kuzunguka taratibu kwa mwendo wa saa. Tukavuka bango, tukaenda hatua ishirini kusini. Safari hii njiti ikazunguka kinyume cha mwendo wa saa. Mwishowe tukasimama kwenye mstari wenyewe, na maji yakateremka moja kwa moja bila kuzunguka hata kidogo. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Baadaye swali likaja kwenye mtihani wa shule, nikajibu nilivyoona, nikapata alama zangu zote.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu habari hiyo. Hata chuoni, nikisomea sayansi ya kompyuta, niliwahi kubishana na mwenzangu kutoka Kisumu mpaka usiku wa manane. Hoja yangu ilikuwa moja tu: "Mimi nimeona."

Desemba iliyopita nikampeleka mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa. Mwonyeshaji alikuwa mwingine, bakuli jingine, lakini mambo yalikuwa yaleyale. Tuliporudi Nyeri, kijana akaingia jikoni, akaziba sinki, akajaza maji, akayaachia. Kisha tena, na tena. Nyeri iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo alitarajia maji yageuke kama yale ya upande wa kusini wa bango. Alirudia mara 20 na kuandika kwenye daftari lake: kwa mwendo wa saa mara 11, kinyume mara 7, bila kuzunguka mara 2. Akaniletea daftari, akaniambia, "Anko, sinki yetu imekataa."

Nikaona aibu. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amefanya jambo ambalo mimi, mwenye digrii, sikuwa nimelifanya kwa miaka yote hiyo.

Ardhi inageuka kiasi gani chini ya bakuli?

Hebu tulieleze jambo lenyewe kwa lugha rahisi. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku. Ukisimama juu kabisa kwenye Ncha ya Kaskazini, ni kama umesimama kichwani mwa pia: ndani ya siku moja utageuka mzunguko mmoja mzima papo hapo ulipo. Lakini ukisimama kwenye ikweta, hugeuki. Unabebwa mbele tu, kama abiria aliyekaa kwenye matatu akitazama mbele. Kati ya ncha na ikweta ardhi hugeuka kwa kiasi fulani, na kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo kiasi hicho kinavyopungua.

Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliandika hesabu ya jambo hili mwaka 1835. Wala hakuwa akifikiria upepo au sinki. Alikuwa akichunguza mashine zenye sehemu zinazozunguka, kama magurudumu yanayosukumwa na maji. Baadaye wataalamu wa hali ya hewa waliona kwamba hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini dhoruba kubwa huzunguka. Kimbunga Idai kilichoipiga Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019 kilizunguka kwa mwendo wa saa, kwa sababu kilikuwa kusini mwa ikweta. Kimbunga Katrina kilichoipiga New Orleans mwaka 2005 kilizunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa sababu kilikuwa kaskazini. Kwa hiyo nguvu ya Coriolis ipo, si hadithi. Swali ni kama ina ubavu wa kusukuma maji ya bakuli, hatua ishirini kutoka kwenye bango.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu, nanyi mnaweza kuirudia. Ukiwa mita 20 kutoka kwenye ikweta, ardhi iliyo chini ya bakuli lako hugeuka mzunguko mmoja kwa muda wa karibu miaka 870. Ndiyo, miaka. Nyeri mjini, ambako ni takriban dakika 25 za digrii kusini mwa ikweta, mzunguko mmoja huchukua karibu siku 136, yaani miezi minne na nusu. Boston kule Marekani, digrii 42 kaskazini, huchukua kama saa 36. Sasa bakuli la mwonyeshaji humaliza maji kwa muda usiofika hata dakika moja. Kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na kinaishi siku nyingi, kwa hiyo kina nafasi ya kuusikia mgeuko wa dunia. Bakuli halina nafasi hiyo.

Basi njiti inazungushwa na nini? Inazungushwa na mkono. Mimina maji ukielekeza mkondo upande mmoja wa bakuli, yataanza kuzunguka kidogo. Au mimina vizuri, kisha ugeuke na bakuli mkononi ili uwatazame wageni wako. Ukigeukia kulia ni mwendo mmoja, ukigeukia kushoto ni mwingine. Mzunguko huo mdogo hauonekani kwa jicho, lakini maji yanapokaribia tundu huongeza kasi, kama mtu anayezunguka huku akiikunja mikono yake kifuani. Kwenye mstari wenyewe, mwonyeshaji hageuki. Michael Palin wa BBC alionyeshwa maonyesho haya palepale Nanyuki katika mfululizo wake wa Pole to Pole wa mwaka 1992, kwa hiyo mimi na darasa letu hatukuwa wa kwanza kupiga makofi.

Na kuna jambo moja linalonichekesha mpaka leo. Dhoruba za kaskazini huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Mzee wetu wa kaskazini mwa bango alituzungushia njiti kwa mwendo wa saa. Yaani hata uongo wenyewe ulikuwa umegeuzwa, na hakuna aliyegundua, si sisi wala mwalimu.

Jaribio lilivyofanywa kwa haki

Je, inawezekana kabisa kuiona nguvu ya Coriolis kwenye maji ya kumwaga? Inawezekana, na historia yake inapendeza. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, mhandisi wa chuo cha MIT, alieleza katika jarida la Nature jaribio alilolifanya karibu na Boston. Alitumia tangi la mviringo lenye upana wa takriban mita 1.8, kina cha maji kama sentimita 15, na tundu la karibu sentimita moja tu katikati. Alilifunika ili upepo usiyaguse maji, kisha akayaacha yatulie saa 24 nzima. Alipofungua, maji yalichukua kama dakika 20 kuisha. Kwa zaidi ya dakika kumi za mwanzo hakuna kilichoonekana. Mwishoni kabisa kipande kidogo cha mti kilichoelea juu ya tundu kikaanza kuzunguka, kinyume cha mwendo wa saa, kama hesabu ilivyotabiri.

Lakini sikilizeni hapa. Alipokuwa akijaza tangi, Shapiro aliyaingiza maji yakizunguka kwa mwendo wa saa, yaani kinyume cha jibu alilolitarajia. Kwa nini? Kwa sababu kama kungekuwa na masalio ya mzunguko wa kujaza, yangemharibia jibu lake, si kumsaidia. Aliipa nadharia yake kila nafasi ya kushindwa. Mwaka 1965 kundi jingine likarudia jaribio kule Sydney, Australia, kusini mwa ikweta, na maji yao yakazunguka kwa mwendo wa saa.

Sisi waandishi wa programu tunaijua tofauti hii, ingawa mara nyingi tunajifanya hatuijui. Kuna kumwonyesha mteja programu ikifanya kazi, na kuna kuijaribu. Ukionyesha, wewe ndiwe unayeshika bakuli. Ukijaribu, unamimina maji upande usioutaka.

Kumbe macho hayana thamani?

Mtu anaweza kusema, basi tusiamini macho, tuamini vitabu na wasomi. Mngenisikia nikisema hivyo ningekuwa nimewapoteza vibaya. Simameni palepale kwenye bango la Nanyuki, asubuhi na mapema kabla mawingu hayajapanda, mgeuze shingo mtazame mlima. Mlima huo una kisa cha upande wa pili.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima Kilimanjaro na weupe kileleni. Alipomwuliza kiongozi wake wa njia ule weupe ni nini, yule alimjibu kwa neno ambalo kila mmoja wetu analielewa: baridi. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenzake Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani. Kutoka huko akauona mlima mwingine wenye weupe, vilele viwili vikisimama kama pembe. Wakamba waliutaja kwa sauti yao, Kiinyaa, Wakikuyu wakiuita Kirinyaga, na Krapf akaandika alivyosikia. Kutoka hapo likapatikana jina Kenya, ambalo leo liko kwenye pasipoti yangu.

Habari zilipofika London, zilipingwa. Mpinzani mkubwa alikuwa William Desborough Cooley, msomi aliyekuwa ameshinda miaka mingi akisoma maandishi ya Wareno na masimulizi ya wasafiri, na kuchora bara hili akiwa mezani. Hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Mwaka 1852 alichapisha kitabu cha kuifungulia dunia Afrika ya ndani, na theluji ya wamisionari hakuikubali. Kwake, walichokiona hakikuwa theluji.

Msidhani wasomi wa Ulaya hawakujua kwamba theluji inaweza kukaa kwenye ikweta. Alexander von Humboldt alikuwa ameshapanda mlima Chimborazo, karibu na ikweta ya Amerika ya Kusini, mwaka 1802, akaandika sana juu ya jinsi baridi inavyoongezeka ukipanda. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nane: kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Mombasa tuseme ni nyuzi 27. Nanyuki, karibu kilomita 2 juu, zinabaki kama 14, ndiyo maana tunavaa sweta. Kilele cha Batian kiko mita 5,199. Toa karibu nyuzi 34 kutoka 27, unapata 7 chini ya sifuri. Theluji haikuwa muujiza. Kilichokosekana London si elimu. Kilichokosekana ni kukubali kwamba mtu aliyesimama Kitui anaweza kujua jambo ambalo mtu wa London halijui. Na kwamba nyuma ya mtu huyo wa Kitui kulikuwa na watu wengine waliokuwa wakiuona mlima huo kila asubuhi tangu mababu zao. Kilimanjaro nao Wamaasai walikuwa wanauita Mlima Mweupe tu, Ol Doinyo Oibor. Hawakuwa wakisubiri mtu awathibitishie.

Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro zaidi ya mita 4,000, theluji ikawaangukia. Cooley bado hakukubali. Alifariki mwaka 1883. Mwaka huohuo Joseph Thomson, yule ambaye maporomoko ya Nyahururu yaliitwa kwa jina la familia yake, alipita upande wa Laikipia akauona mlima Kenya na weupe wake. Halford Mackinder alifika Batian tarehe 13 Septemba 1899, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, wakikanyaga barafu ileile iliyobishaniwa. Kutoka Krapf mpaka siku hiyo ni karibu miaka 50.

Kwa hiyo angalieni tulipofika. Kwenye bango, macho ya watu wengi yaliona na yakakosea. Kule Kitui, macho ya mtu mmoja yaliona na yakawa sahihi, na kitabu ndicho kilichokosea. Yote mawili ni mambo ya mlima mmoja na mstari mmoja. Nani basi aaminiwe?

Siku niliyokuwa Cooley

Sasa nawaletea aibu yangu. Miaka minne iliyopita niliandika programu kwa chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku kwetu. Sitakitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Karani alipima maziwa asubuhi na jioni, akaingiza kilo kwenye kompyuta, na mwisho wa mwezi mashine ikatoa karatasi ya malipo ya kila mfugaji. Siku ya kuonyesha mbele ya kamati niliingiza kilo 10, nikaingiza 15, nikaingiza 20. Jumla ikatoka 45, malipo yakatoka sawasawa, kamati ikapiga makofi. Ndiyo, makofi yaleyale.

Mwisho wa mwezi wa tatu akaja Cucu mmoja na daftari la mtoto wa shule, jalada limechanika. Kila siku alikuwa ameandika mwenyewe alichosomewa kwenye mizani. Asubuhi 7.4, jioni 5.8. Asubuhi 7.6, jioni 5.9. Aliweka daftari mezani akasema, "Kijana wangu, karatasi yako inaniibia."

Nilimjibu kwa heshima zote, na kwa ujinga wote. "Cucu, kompyuta haikosei. Labda uliandika vibaya."

Akanitazama kidogo. "Na mizani nayo iliandika vibaya? Mimi nilikuwa nimesimama pale."

Usiku sikulala. Nikafungua programu, nikaona mara moja. Katika hifadhidata kila safu ina aina yake: kuna safu ya nambari kamili, kuna safu ya desimali. Safu ya kilo nilikuwa nimeifanya ya nambari kamili. Karani akiingiza 7.4 mashine inahifadhi 7. Akiingiza 5.8 inahifadhi 5. Hailalamiki, haitoi onyo, inakata tu. Kwa siku kama ile ya kwanza kwenye daftari, Cucu alipoteza kilo 1.2. Zidisha kwa siku 30, ni kilo 36. Kwa bei ya shilingi 40 kwa kilo, ni shilingi 1,440 kwa mwezi, kwa mama mwenye ng'ombe wawili. Na wafugaji walikuwa wengi.

Katika onyesho langu hitilafu isingeonekana hata ningelirudia mara mia, kwa kuwa nilichagua 10, 15 na 20. Sikukusudia kudanganya. Nilimimina maji moja kwa moja na kusimama kwenye mstari.

Tulikaa wiki mbili, mimi na karani, tukirudisha kilo za miezi mitatu kutoka kwenye rejista yake ya karatasi, kwa bahati alikuwa hajaitupa. Wafugaji walilipwa tofauti yao, na sehemu yangu ya mwisho ya malipo ilienda huko, kwa haki kabisa. Cucu hakunigombeza tena. Aliniomba tu niliangalie daftari lake na lile la kompyuta yakiwa pamoja, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Tulimaliza saa nane mchana, tukiwa na chai ya pili.

Ndipo nilipoanza kuuliza maswali mawili kabla ya kuamini au kukataa jambo, na mtoto wa dada yangu alipokuja na daftari lake la sinki nikagundua kwamba yeye alishayajua. La kwanza: nani ameshika bakuli? Kama matokeo yanatokea tu akiwa mtu yuleyule, kwa mkono uleule, bado hujaona chochote. Theluji ilionwa na Rebmann, ikaonwa na Krapf, ikaonwa na von der Decken na Thomson, na kabla yao na Wakamba, Wakikuyu, Wameru na Wamaasai, kila mmoja akiwa amesimama mahali tofauti. La pili: je, jambo lilipewa nafasi ya kushindwa? Shapiro alilipa. Cucu alilipa, kwa kuandika kila siku bila kuchagua siku nzuri. Cooley hakulipa. Mimi sikulipa.

Mtaniuliza, yule mwonyeshaji wa Nanyuki nilimfanya nini? Hiyo Desemba nilimlipa shilingi mia mbili zake, kisha wageni wengine walipoondoka nikamwomba anipe bakuli nijaze mimi mwenyewe. Nikajaza, nikaliweka chini, nikasubiri maji yatulie, nikaachia. Njiti ilisogea ikagusa ukingo ikatulia. Alicheka sana. "Mwalimu," akaniambia, ingawa mimi si mwalimu, "hawa wametoka mbali. Wanataka kuondoka na kitu." Sikuwa na jibu la haraka. Ana watoto, na mimi mwenyewe niliwahi kulipwa kwa maonyesho yasiyo ya kweli, tena nililipwa zaidi yake. Nilimweleza tu ile miaka 870. Akanirudisha nyuma nirudie hesabu polepole, akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Akasema hiyo nayo wageni wataipenda.

Namalizia na mlima. Barafu ya Lewis, mto wa barafu ulio chini ya kilele cha Lenana, ni miongoni mwa barafu za nchi za joto zilizopimwa kwa muda mrefu zaidi duniani. Wajerumani Carl Troll na Karl Wien waliichorea ramani mwaka 1934. Ilipopimwa mwaka 2010, karibu asilimia 90 ya ujazo wake wa 1934 ilikuwa imetoweka, na kuyeyuka hakujasimama. Mito yetu inategemea mvua na msitu zaidi kuliko barafu hiyo, kwa hiyo si kwamba Naro Moru itakauka siku barafu ikiisha. Lakini iko siku mtoto ataletwa kwenye bango na shule yake, atageuza shingo asubuhi na mapema, na ataona mawe matupu. Ataambiwa hapa palikuwa na barafu mwaka mzima, juu ya ikweta. Atakuwa na haki ya kushuka moyo na kusema, mimi sijaona.

Ndiyo maana nawaomba kitu kidogo. Kama una picha ya zamani ya mlima, ya babu au ya harusi, ambamo weupe unaonekana nyuma, andika nyuma yake mwaka na mahali ilipopigwa. Na kama una sinki, jaribu mara 20 na uandike zote, hata zile zinazokukera. Mtoto wa dada yangu sasa amefika mara 60, na bado sinki imekataa.

Haya, tukutane wakati mwingine. Nitarudi kwenye hifadhidata, na nitaanza na aina za safu.